Saa inayowasha moto wa nyumba

Mwezi huu mama mmoja wa Kambove ametuandikia barua, na ninaona jibu lake litasaidia watu wengi, kwa maana siku hizi ni jamaa chache zisizo na mtoto ao ndugu mwenye kukaa Ulaya. Jina lake sitalitaja. Anasema hivi:

"Baba Mchungaji, binti yangu anakaa Uingereza, mu muji wa Hull, pamoja na bwana yake na watoto wawili. Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa anatutumia kitu kidogo kila mwezi. Lakini mwezi wa kumi na moja ukifika anasema: mama, ngoja kwanza, shofaji inakula makuta yote. Sasa bwana yake anasema atabadilisha saa ya ile mashini, eti saa ya zamani njo inaharibu feza. Mimi sielewi. Tangu lini saa inakula makuta? Wananidanganya ao ni kweli?"

Mama, ni kweli. Hawakudanganyi. Nami nitaeleza polepole, kwa sababu neno hili la saa lina mambo mengi ndani yake, na vijana wetu wanaosoma umeme watapata nao la kujifunza.

Kwanza tuanze na baridi yenyewe. Sisi hapa Katanga tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi tunavaa makoti, mama wanawasha mbabula, na watoto wanakwenda masomo mikono ikiwa mifukoni. Lakini saa sita ya mchana jua linatuhurumia. Kule Hull, karibu na bahari ya kaskazini, mwezi wa kwanza jua linatoka limechelewa na kurudi mapema, na halina nguvu. Siku nzima inaweza kupita baridi isifikie hata ile ya asubuhi yetu ya mwezi wa saba. Nayo haikai wiki mbili tatu. Inaanza mwezi wa kumi na kwenda mpaka mwezi wa ine. Wakongomani wengi walifika katika miji kama Hull, Sheffield na Norwich kwa mpango wa serikali ya Uingereza ulioitwa Gateway, uliopokea wakimbizi toka 2004 mpaka 2020. Walitoka katika makambi ya Afrika, pahali pa jua. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa katika nyumba isiyo na moto, zaidi sana kama kuko mtoto mdogo ndani. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) liliandika mwaka 2018 kwamba katika inchi za baridi nyumba isishuke chini ya digri 18 kwa kulinda afya ya watu. Basi moto ule si anasa.

Sasa, moto wenyewe ni wa namna gani? Si kuni, si makala. Katika nyumba nyingi za Uingereza kuko sanduku la chuma lenye kutundikwa ukutani, mara nyingi katika jikoni. Wanaliita boila; sisi tuliozoea Kifaransa tunasema shodieri. Ndani yake gesi inawaka na kupasha maji. Pompi inasukuma maji yale ya moto kupita ndani ya tuyo mpaka kwenye radiateri, zile mbavu za chuma zinazokaa chini ya dirisha katika kila chumba. Radiateri inapata moto, chumba kinapata moto, maji yanarudi kwenye shodieri yakiwa yamepoa, na safari inaanza tena. Maji ni yale yale yanazunguka tu, hayanywiwi wala hayaogewi. Maji ya kuoga yana njia yao. Katika nyumba zingine yanapashwa palepale mtu anapofungua robine. Katika zingine yanawekwa moto katika pipa kubwa yakingojea.

Nani basi anaiambia shodieri iwake ao izimike? Hapa njo pahali pa lile swali la mama.

Watu wa mgodi wataelewa upesi. Tangu zamani za Union Minière tulikuwa na sireni. Sireni inalia, watu wanaingia kazini. Inalia tena, wanatoka. Sireni haijui kama leo kazi ni mingi ao ni kidogo, kama mvua inanyesha ao jua linawaka. Inajua saa tu. Kiisha kuko kapita. Kapita hatazami saa, anatazama kazi. Akiona kazi imefika kipimo, anasema: pumzikeni. Akiona imepunguka, anasema: simameni tena.

Saa ya shodieri, wanayoiita minuteri ao programa, ni sireni. Inasema: sasa ni wakati wa kuwaka, sasa ni wakati wa kulala. Termostati, kile kidude kidogo ukutani chenye namba za digri, ni kapita. Inapima joto la chumba. Chumba kikifika digri 19 ao 20 kama ulivyopanga, inazima moto hata kama wakati wa sireni haujaisha. Kiisha kila radiateri inaweza kuwa na robine yake yenye namba, yenye kufunga maji katika kile chumba peke yake. Vitu vitatu, kazi tatu. Watu wengi wa kwetu wakifika kule wanavichanganya, na hapo njo makuta yanapotelea.

Nilipokaa Uingereza majira moja ya baridi kwa ajili ya mafunzo, nilimuona kijana mmoja wa kwetu akiingia nyumbani na baridi yake, anakwenda mbio kwenye termostati na kuigeuza mpaka 30. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu: "Baba, ili ipate moto mbio." Lakini kapita hawezi kufanya watu watembee mbio. Shodieri inapasha kwa nguvu ile ile, uwe umepanga 20 ao 30. Tofauti ni kwamba pa 20 itasimama, na pa 30 itaendelea kuunguza gesi mpaka watu wafungue madirisha. Na yeye alifungua dirisha kweli! Gesi ya watu inatoka inje kwa kupasha ndege wa mbinguni.

Turudi kwa saa. Saa ya zamani, ambayo ninafikiri njo ile iliyo katika nyumba ya binti ya mama, ni sahani ya duara yenye namba 1 mpaka 24. Ndani yake kuko mota ndogo ya kuran inayoizungusha mara moja kwa siku. Pembeni ya sahani kuko pini ndogo, zingine za kuwasha na zingine za kuzima. Kwa kawaida moto unaweza kuwaka mara mbili kwa siku. Ni kazi nzuri ya mafundi, hatuwezi kuidharau. Katika muji wa Bath, jamaa ya Horstmann, waliokuwa mafundi wa saa, walitengeneza saa za kuwasha na kuzima taa za gesi za barabarani. Kiisha jina lao likaonekana pia kwenye saa za shofaji katika nyumba nyingi za Uingereza. Chombo cha namna hii kinaweza kufanya kazi miaka makumi bila kulalamika.

Lakini kina kasoro zake. Ya kwanza: kuran ikikatika, saa inasimama. Ikirudi, saa inaendelea pale iliposimama, na sasa imechelewa. Kwetu hapa, na kuran yetu hii, saa ya namna hiyo ingekuwa inawasha moto usiku wa manane kila wiki! Ya pili: Uingereza wanasogeza saa za inchi nzima mara mbili kwa mwaka. Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu wanapeleka mbele saa moja, na siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha nyuma. Sahani ile haijui habari hiyo. Asipoigusa mtu, nyumba inapata moto saa nzima mbele ya watu kuamka.

Ya tatu njo kubwa zaidi: sahani ile haijui siku. Jumatatu na Jumamosi kwake ni sawa. Tuchukue mfano, na nitahesabu saa sawa zinavyoandikwa kwenye sahani, 5 ikiwa alfajiri na 17 ikiwa jioni. Jamaa moja imepanga pini moto uwake toka 5 mpaka 9, kiisha toka 15 mpaka 23. Ni saa 12 kila siku. Walipanga hivyo kwa sababu ya Jumamosi na siku ya Mungu, wakati watoto wako nyumbani. Lakini toka Jumatatu mpaka Ijumaa baba na mama wanatoka saa 7 na nusu, wanarudi saa 17. Moto unapasha viti. Saa mpya yenye kujua siku saba ingeweza kupangwa siku za kazi toka 5 na nusu mpaka 7 na nusu, na toka 16 mpaka 21: saa 7 badala ya 12. Ni saa tano kila siku ya kazi, saa 25 kwa wiki, nyumba haiombi gesi bure. Sisemi kwamba gesi inawaka saa 25 zote, kwa sababu kapita naye anazima katikati chumba kikiwa na moto. Lakini kila siku ya kazi ya miezi sita, hesabu inaonekana kwenye fakture.

Na fakture zenyewe zilipanda sana. Kule kuko ofisi ya serikali, Ofgem, inayoweka kipimo ambacho wauza gesi na kuran wasipite. Kwa nyumba ya kawaida, gesi na kuran pamoja, kipimo kilikuwa paundi 1,277 kwa mwaka katika mwezi wa kumi 2021. Mwezi wa ine 2022, kilifika 1,971. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, kwa sababu ya gesi kupanda bei na vita ya Urusi na Ukraine, kingefika 3,549, serikali ikaingia kati na kuishikilia karibu na 2,500. Nyuma ya hapo bei ilishuka, lakini haikurudi pale ilipotoka. Basi mama, ukisikia binti anasema "ngoja kwanza", ukumbuke namba hizi. Wengine kule wana kompteri ya kulipia mbele: unanunua kwanza dukani, kiisha unapata gesi, na makuta yakiisha moto unazimika, hata mtoto akiwa katika maji ya kuoga.

Kuko mabishano moja ambayo utayasikia katika kila nyumba ya Ulaya. Bwana anasema: tuzime tukitoka. Bibi anasema: hapana, kuiacha iwake kidogo kidogo siku nzima ni bei nafuu, kwa sababu kupasha upya nyumba iliyopoa kunakula zaidi. Ni maneno yanayofanana na kweli, lakini kwa nyumba ya kawaida yenye shodieri ya gesi, bwana njo mwenye haki. Fikiri ndoo yenye tundu chini. Ukitaka ikae imejaa siku nzima, unamwaga maji siku nzima, na ikijaa sana maji yanatoka kwa nguvu zaidi pa tundu. Ukiiacha ishuke, inavuja polepole. Ukirudi unaijaza mara moja tu. Nyumba nayo iko hivyo: kadiri ndani kunavyopita inje kwa joto, ndivyo moto unavyotoka kwa haraka kupita kuta na madirisha. Bibi naye ana neno la kweli katika jambo moja: nyumba yenye kupoa sana kila siku inashika unyevu, kuta zinaota ukungu mweusi, na watoto wanakohoa. Kwa hiyo saa nzuri haizimi kabisa. Inashusha, tuseme mpaka digri 15 ao 16 wakati watu hawako, na inapandisha mbele ya wao kurudi.

Saa ya sahani haiwezi kufanya hivyo. Yenyewe inajua ndiyo na hapana. Kwa hiyo walitengeneza kidude kimoja chenye kuunganisha sireni na kapita: termostati yenye saa ndani. Unaiambia: saa 6 nataka 19, saa 8 nataka 15, saa 17 nataka 20, saa 22 nataka 16, na siku ya Mungu ipange ingine. Nyingi zinatumia mawe ya radio na kusema na shodieri bila waya, kupitia kisanduku kingine kinachofungwa karibu na shodieri. Hii njo ningemshauri mkwe wa mama, kama nyumba ni yake na kama shodieri inaipokea. Aiweke pahali ambapo watu wanakaa, si karibu na radiateri, si pahali pa jua la dirisha, si nyuma ya pazia. Kapita akiwekwa karibu na moto atasema kazi imeisha, wakati watoto chumbani wanatetemeka.

Kuko na zile zinazosema na telefone. Kampuni Nest ilitoa ya kwake Marekani mwaka 2011, na kampuni ya gesi ya Uingereza ikatoa Hive mwaka 2013. Unaweza kuwa ndani ya basi na kuwasha moto nyumbani. Vijana wanazipenda. Zingine zinajifunza zenyewe watu wanaamka saa ngapi, zingine zinaona telefone yako imetoka nyumbani na kushusha moto. Ni nzuri kwa mtu ambaye kazi yake haina saa moja, sawa wale wanaofanya zamu hospitalini ao katika mashini za chakula, na watu wetu wengi wako katika kazi hizo. Lakini kwa jamaa yenye kutoka na kurudi saa ile ile, ninaona ni bei kubwa kwa kazi ambayo saa ya kawaida ya siku saba inafanya vizuri. Kiisha, intaneti ikikatika ao telefone ikipotea, nani katika nyumba anajua kuiwasha kwa mkono? Bibi na watoto wajue wote. Nimeona nyumba ambamo baba peke yake njo anajua kugusa saa. Akisafiri, jamaa inalala na makoti.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe, kwa maana barua inasema mkwe anataka kubadilisha mwenyewe. Hapa nitasimama kidogo.

Neno la kwanza: nyumba ni ya nani? Kama wanapanga, saa ile ni mali ya mwenye nyumba. Wamuandikie kwanza, na waweke nakala ya barua. Mwenye nyumba anayepangisha, sheria ya kule inamlazimisha kuleta fundi wa gesi kila mwaka kwa kupima shodieri na kuwapa karatasi. Siku ile fundi anapokuja njo siku nzuri ya kumuonyesha saa mbovu.

Neno la pili: gesi haichezewi. Uingereza, mtu asiyeandikwa katika daftari la mafundi linaloitwa Gas Safe haruhusiwi kufanya kazi ya gesi kwa watu. Daftari hilo lilianza 2009. Kila fundi ana karata yenye picha yake na namba, na nyuma ya karata wameandika ni kazi gani anaruhusiwa. Mtu amuombe karata bila haya. Kama saa iko ndani ya shodieri yenyewe, katika uso wake, kuifikia ni kufungua kifuniko, na hiyo ni kazi ya fundi huyo. Mkwe aweke turnevisi chini.

Kama saa iko ukutani, mbali na shodieri, ni kazi ya kuran, na mtu anayejua kuran anaweza kuifanya. Mafundi wetu wa umeme watafurahi kusikia jambo hili: saa nyingi za Uingereza, ijapokuwa zimetoka kwa kampuni mbalimbali, zinakaa juu ya sahani ya nyuma ya namna moja. Waya zinabaki ukutani. Unalegeza skuru mbili chini, unanyanyua uso wa saa, na unatundika mpya pahali pake. Kwenye sahani ile kuko herufi L na N kwa kuran yenyewe, kiisha namba 1 mpaka 4. Kwa kawaida 3 inawasha maji ya kuoga na 4 inawasha radiateri. 1 na 2 ni za upande wa kuzima. Lakini "kwa kawaida" si "siku zote". Asome mchoro wa saa ya zamani na mchoro wa ile mpya, avilinganishe mbele ya kununua, si nyuma. Apige picha ya waya mbele ya kufungua hata skuru moja. Na aangalie kama nyumba ina pipa la maji ya moto, kwa sababu hapo anahitaji saa yenye njia mbili, moja ya maji na moja ya radiateri. Maji ya pipa yapashwe mpaka digri 60. Kuyaacha ya vuguvugu kwa kuokoa makuta kunazalisha vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu.

Mbele ya yote, azime kuran. Kule shofaji yote inatakiwa kulishwa kutoka kisanduku kimoja chenye fizibu ya amperi 3. Azime pale, atoe fizibu, aiweke mfukoni mwake, kiisha apime na kipimo kwamba waya hazina kuran. Ni volti 230, sawa na zinazotuua hapa. Na asiamini rangi! Mbele ya 2004 waya yenye kuran ilikuwa nyekundu. Toka 2006 sheria inataka iwe kahawia, na buluu ni ya kurudisha. Lakini katika waya za termostati mafundi wa zamani walitumia hata ile buluu ao nyeusi kubeba kuran, kwa sababu waya zingine zilikuwa zimeisha ndani ya kebo. Kipimo njo kinasema kweli.

Kuko mtego mwingine. Shodieri zingine haziombi volti 230 kutoka kwa saa. Zinaomba tu waya mbili ziguswe pamoja, bila kuran ya nje. Ukizitumia 230, unaunguza sahani ya elektroniki, na bei yake inaweza kupita bei ya saa mara nyingi. Kwa hiyo kitabu cha shodieri kisomwe. Kama kimepotea, fundi aitwe. Makuta ya fundi wa saa moja ni kidogo kuliko shodieri kufa katikati ya mwezi wa kwanza.

Na kama shodieri yenyewe ni ya kubadilishwa, toka mwezi wa ine 2018 sheria ya Uingereza inataka ile mpya ya gesi iwekwe pamoja na chombo cha kupanga saa na joto. Fundi asiwaambie kwamba hiyo ni ziada.

Jambo moja zaidi, nalo linatuhusu sisi hapa kama wale wa kule. Gesi ikiwaka vibaya, ao moshi wake ukikosa njia ya kutoka, inatoa hewa moja isiyoonekana na isiyo na harufu. Kwa Kifaransa ni monoxyde de carbone. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala na haamki. Tangu mwezi wa kumi 2022, mwenye nyumba anayepangisha Uingereza analazimishwa kuweka kengele ya hewa hiyo katika kila chumba cha kukaa chenye mashini ya kuwaka moto namna hii. Binti aulize kengele iko wapi, na aifinye kuona kama inalia. Hewa hiyo hiyo njo inatoka katika mbabula ya makala. Mwezi wa sita, baridi ikikaza, mama wengine wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, watoto wanalala. Sisi hatuna kengele. Mbabula ibaki inje, na isilale na watu kamwe. Nimezika watu kwa ajili ya neno hilo, na wazazi wao wangali wanakuja kanisani kila siku ya Mungu.

Sasa mama wa Kambove, kuhusu makuta. Mimi ningefanya hivi. Muulize binti, bila ukali, fakture ya mwezi wa kwanza ilikuwa ngapi mwaka jana, na mwaka huu ni ngapi. Saa ikibadilishwa, waandike namba za kompteri kila Jumamosi katika daftari, wiki tatu mbele na wiki tatu nyuma, na waandike pia kama wiki ilikuwa ya baridi kali ao hapana, kwa maana wiki ya theluji na wiki ya mvua hazilinganishwi. Kiisha mpange pamoja: kitu kinachotumwa kigawanywe, kikubwa katika miezi ya joto, kidogo katika miezi ya baridi, na ninyi huku mujue mbele na kupanga masomo ya watoto kufuatana na hiyo. Jamaa moja ninayoijua hapa Likasi wanafanya vile. Minerval wanalipa sehemu kubwa mwezi wa tisa, wakati kule moto haujaanza.

Na kama mkwe ataamua kubakiza saa yake ya sahani kwa mwaka huu, aiangalie siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi. Sahani zile nyingi zinakubali kugeuzwa upande mmoja tu, ule zinaotembelea. Kurudisha saa moja nyuma asiilazimishe kwa nguvu. Aizungushe mbele polepole, saa 23, mpaka ifike. Pini zitalia tik tik kila zikipita, na shodieri inaweza kuwaka na kuzimika njiani. Hiyo si mbaya, mradi watoto wasiguse.